Anayepiga Kura Siye Anayelipa

Swali la kura ya wanafunzi, kwenye chuo nilichosoma Marekani, lilikuwa moja tu. Je, unaunga mkono kuanzishwa kwa ada mpya ya lazima, kwa kila mwanafunzi, kila muhula, ili kujenga na kuendesha kituo kipya cha michezo na burudani cha wanafunzi? Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maelezo ambayo nina hakika wengi hawakuyafikia: ada itaanza kutozwa muhula ambao jengo litafunguliwa.

Mambo yote yamo kwenye hizo herufi ndogo. Jengo la aina hiyo, tangu kura hadi kukata utepe, huchukua miaka minne au mitano, na likikutana na mvutano wa bajeti au mkandarasi wa kusuasua huzidi hapo. Shahada ya kwanza Marekani ni miaka minne. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayebonyeza "Ndiyo" kwenye simu yake akiwa kwenye foleni ya chakula anapitisha tozo ambayo yeye hataigusa. Atakayeilipa, siku hiyo ya kura, bado ni mtoto wa shule huko kwao, anahangaika na hesabu za sehemu, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Nililiona jambo hili kwa karibu kwa sababu niliwahi kukaa kwenye kamati ya ada za wanafunzi ya chuo kimoja cha umma, majimbo ya kati ya Marekani, nikiwawakilisha wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Chuo chenyewe hakina haja ya kutajwa. Ukibadilisha rangi za jezi, simulizi ni ile ile vyuo vingi. Mimi nilikuwa nimetoka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kwa kundi letu mazoezi yalikuwa kukimbia jioni jua likishapoa, na jimu ilikuwa ya kitaa: bomba la chuma na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Nilipopelekwa kuliona jengo la zamani ambalo lilisemekana limechoka, nikakuta viwanja vitatu vya kikapu chini ya paa moja, mashine za kukimbilia zimejipanga ukuta mzima, na bwawa la kuogelea linalotoa mvuke. Nikauliza kwa unyoofu kabisa: sasa tatizo liko wapi?

Tatizo, nikaambiwa, ni kwamba chuo cha jirani wanacho kikubwa zaidi.

Nieleze kidogo hiki kituo ni kitu gani, kwa sababu nyumbani ukisema "burudani" mtu anawaza baa yenye meza ya puli na spika mbili. Hiki ni jengo la ghorofa kadhaa lenye vyumba vya kunyanyua vyuma, viwanja vya ndani vya kikapu na wavu, njia ya kukimbilia inayozunguka juu kwa juu, kumbi za yoga na ngumi, ukuta wa kupanda kwa kamba, bwawa, ofisi za washauri wa afya ya akili siku hizi, na mgahawa wa juisi ghali. Mwanafunzi anaingia kwa kitambulisho chake. Haombwi pesa mlangoni, na ndiyo maana wengi huamini ni bure.

Kuna jambo ambalo sikulisikia likitajwa kwenye kikao chochote, na mimi nalipenda kuliko mengine yote ya tasnia hii. Chama cha Marekani cha watu wanaosimamia michezo ya wanafunzi wa kawaida, kinachojulikana leo kama NIRSA, hakikuzaliwa kwenye chuo tajiri. Kilizaliwa mwaka 1950 katika Chuo Kikuu cha Dillard, New Orleans, chuo cha watu weusi, wakati ambapo jimbo la Louisiana lilikuwa bado linawatenga weusi na weupe kwa sheria. Aliyewaita watu alikuwa William Wasson, mwalimu wa pale Dillard. Walikuja watu 22 kutoka vyuo 11 vya weusi. Ajenda yao haikuwa timu ya chuo wala nyota anayelipiwa ada kwa sababu anajua kudaka mpira. Walikaa kuzungumza michezo ya ndani ya chuo, bweni kwa bweni, darasa kwa darasa, michezo ya watu ambao hakuna kocha atakayewatazama mara mbili.

Yaani msingi wa wazo lenyewe ni michezo kwa wasiojua kucheza. Nadhani ni wazo zuri mno, na nadhani ndiyo sababu mpaka leo nikiulizwa kama wanafunzi wanahitaji jengo la namna hii, nasema ndiyo bila kusita. Tofauti inaanza tunapofika kwenye namna ya kulipanga na namna ya kulilipia.

Kupanga huanza na mtaalamu mwelekezi. Chuo hakijiulizi chenyewe. Kinaajiri kampuni ije ifanye upembuzi yakinifu. Kampuni inakuja na vijana nadhifu wenye kompyuta, inawakusanya wanafunzi kumi kumi kwenye chumba chenye vitafunwa, inatuma dodoso kwa barua pepe, halafu inaandaa jedwali la kulinganisha vyuo: nyie mna futi za mraba kadhaa kwa kila mwanafunzi, wenzenu wana kadhaa. Jedwali hilo ndilo silaha. Nimeona watu wazima wenye shahada tatu wakilainika mbele ya jedwali linaloonyesha kwamba wao ni wa mwisho. Na kwa kuwa kila chuo kinaonyeshwa majirani waliojenga karibuni, kila chuo hujikuta nyuma. Mwaka 2013 peke yake, vyuo 92 viliiarifu NIRSA kuwa vilikuwa na miradi ya ujenzi ya aina hii yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.7.

Dodoso lenyewe ni somo. Ukimwuliza mwanafunzi, "Ungependa bwawa jipya?" atasema ndiyo. Ungependa ukuta wa kupanda? Ndiyo. Ungependa sauna? Kwa nini asiipende? Kwenye kamati tulisisitiza dodoso la pili liwe na bei pembeni ya kila kitu, na hapo picha ikabadilika. Vitu vya kupigia picha vikaporomoka. Kilichobaki juu kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: nafasi ya kunyanyua vyuma isiyo na foleni saa kumi na moja jioni. Kikafuata sehemu ya kukaa yenye umeme wa kuchajia simu. Sikushangaa sana. Wanafunzi ni watu wanaojua bei ya vitu kuliko tunavyowapa sifa, ilimradi uwaonyeshe hiyo bei.

Na bwawa ni mada peke yake. Wasanifu majengo wote tuliozungumza nao walikuwa wakipunguza sauti likitajwa. Bwawa la ndani ni maji ya kupashwa joto, klorini, waokoaji wa kulipwa kila saa linapokuwa wazi, na hewa yenye unyevu ambayo lazima itolewe kwa mitambo mikubwa, la sivyo inakula chuma cha jengo. Hakuna sehemu ya jengo inayomeza pesa kiasi hicho kwa watu wachache kiasi hicho. Lakini bwawa ndilo linalopendeza kwenye kipeperushi, na kipeperushi ndicho kinachomleta mwanafunzi mpya na wazazi wake kutembelea chuo.

Sasa pesa. Tufanye hesabu ya kubuni, kwa namba za mviringo. Chuo kina wanafunzi 20,000. Ada mpya ni dola 150 kwa muhula, mihula miwili kwa mwaka. Hiyo ni dola milioni 6 kila mwaka. Chuo kinauza hati fungani, yaani vyeti vya kukopa kwa wawekezaji, za dola milioni 70 kujenga, zilipwe kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 4. Marejesho yake ni kama dola milioni 4.05 kwa mwaka. Inabaki chini kidogo ya milioni 2 ya umeme, maji, mishahara, mashine zinazokufa na taulo. Deni likiisha, jengo la milioni 70 litakuwa limelipiwa takribani milioni 121. Wapangaji wanapenda kuzungumzia gharama ya kujenga, lakini hiyo ni mahari tu. Ndoa yenyewe ni kuliendesha.

Rudi kwenye hesabu. Wanafunzi wakipungua hadi 17,000, ada inaingiza milioni 5.1. Marejesho ya deni hayapungui hata senti, kwa sababu walionunua hati fungani hawajali wewe umepata wanafunzi wangapi. Inabaki kama milioni 1 ya kuendeshea jengo lile lile, na hapo ama ada inapanda, ama saa za kufungua zinapungua, ama mto unakauka. Hili si la kutisha watu bure. Marekani watoto wanaozaliwa walianza kupungua baada ya mdororo wa uchumi wa 2008, na waliozaliwa wakati ule sasa ndio wanafika umri wa kuingia chuoni. Kila ofisi ya udahili inalijua hilo. Hata hivyo nimewahi kuona makadirio ya mradi yenye mstari wa idadi ya wanafunzi unaopanda taratibu, kwa utulivu, kwa miaka 30.

Nimetaja mto. Huwezi kuandika juu ya majengo haya bila kufika Baton Rouge, kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, jimbo lile lile la Dillard, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka pale walipokaa wale watu 22. LSU walipanua kituo chao kwa mradi wa dola milioni 85, na mwaka 2017 wakafungua mto wa kuelea, yaani mfereji wa maji unaokusukuma polepole ukiwa umejilaza kwenye boya, uliochongwa kwa umbo la herufi L, S na U. Ukiutazama kutoka angani unasomeka. Pesa ilitoka kwenye ada waliyoikubali wanafunzi kwa kura. Na yote hayo yalitokea katika miaka ambayo jimbo lilikuwa limekata vibaya fedha za vyuo vikuu, na maktaba kuu ya chuo hicho hicho ikilalamikiwa kuvuja maji.

Nchi nzima ilicheka. Picha ya mto ikawekwa pembeni ya habari za maktaba, na kila mwenye kalamu akapata mfano wa vijana wa siku hizi walivyopotea.

Mimi sikucheka sana. Hao wanafunzi hawakuwahi kuletewa kura yenye masanduku mawili, moja la maktaba na moja la mto. Maktaba ilikuwa kazi ya jimbo, na wabunge wa jimbo walikuwa wameamua kutoifanya. Mwanafunzi hakuwa na bomba la kufungua kule. Bomba pekee aliloachiwa mkononi lilikuwa ada ya mambo ya wanafunzi, na ada hiyo ikishapitishwa kwa kusudi moja haiwezi kugeuzwa ikazibe paa la maktaba, kwa sababu imeshawekwa rehani kwa wenye hati fungani. Ukimpa mtu uamuzi wa kitu kimoja tu, usimlaumu kwa kukiamua. Ukitaka kumcheka mtu, anzia kwa aliyepanga nani aulizwe nini.

Kuna utafiti wa wanauchumi watatu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Brian Jacob, Brian McCall na Kevin Stange, uliotoka mwaka 2013, ambao unasaidia kuelewa kwa nini marais wa vyuo hawaachi kujenga. Walikuta kwamba wanafunzi walio wengi wanavutwa na matumizi ya chuo kwenye mambo ya maisha ya chuoni, hasa wanaotoka familia zenye uwezo. Wanafunzi hodari sana darasani ndio waliovutwa na ubora wa masomo. Kwa hiyo chuo cha kati, kisicho na jina la kuwavuta vipanga, kinachotafuta wenye uwezo wa kulipa ada kamili, kinapojenga mto hakijachanganyikiwa. Kinafanya biashara. Swali ni nani anadhamini biashara hiyo.

Kwenye kikao cha hadhara alisimama dada mmoja mzaliwa wa Uvira, familia yake ikiwa miongoni mwa Wakongo wengi waliohamia miji ya pale kati na kupata kazi kwenye viwanda vya nyama. Alizungumza Kiingereza kizuri, kwa adabu, dakika zake zikaisha, akaketi. Tulipotoka nje nikamsalimia kwa Kiswahili, akacheka, kisha akaniambia kilichokuwa moyoni hasa: "Kaka, mi niko natumika usiku, asubui niko ku masomo. Iyo pisini nitaiogelea saa ngapi?" Kutumika kwao ni kufanya kazi, na pisini ni bwawa. Anaishi kwao, anakuja chuoni kwa basi, anarudi. Wanafunzi wa namna yake, wanaolala makwao na kufanya kazi, ni sehemu kubwa ya vyuo vya umma vya Marekani, na ndio ambao hawapo kwenye kile chumba cha vitafunwa cha mtaalamu mwelekezi, kwa sababu kikao kinapangwa saa nane mchana.

Kura ilipokwisha nilimuuliza kama alipiga. Alikuwa hajui kwamba kura ilikuwepo mpaka ilipobaki siku ya mwisho. Sikuona ajabu, kwenye chaguzi za wanafunzi idadi ya wanaojitokeza huwa ndogo sana, na ndiyo maana baadhi ya vyuo huweka kima cha chini cha wapiga kura, wasipofika matokeo hayahesabiwi. Chetu hakikuwa nacho.

Mfumo wa Chuo Kikuu cha California wana utaratibu ambao, kabla ya kura, niliuleta kwenye kamati kwa sababu ya dada huyo. Kule, ada mpya ya lazima inayopitishwa na wanafunzi wa kampasi hutakiwa kurudisha angalau robo ya makusanyo kwenye msaada wa masomo kwa wasio na uwezo. Yaani ukitaka jimu ya dola 75, itoze dola 100, na hizo 25 zimfunike anayeshindwa. Hoja niliyopewa ni kwamba hilo litaipandisha ada na kura itaanguka. Nikajibu kwamba kama kura inaweza kuanguka kwa sababu maskini wamehesabiwa, basi tujue inapita kwa sababu hawajahesabiwa. Pendekezo langu halikupita. Tulichokubaliana mwishowe ni punguzo kwa wanaosoma nusu muda na kwa njia ya mtandao, jambo ambalo halikumgusa yule dada hata kidogo, maana yeye alikuwa mwanafunzi wa muda wote.

Jambo tulilolipata bila vita kubwa lilikuwa la mapazia. Wasanifu wa leo wanapenda vioo. Michoro ya kwanza ilionyesha bwawa na ukumbi wa mazoezi vimezungushiwa vioo kutoka sakafuni hadi darini, mtu anayepita njiani aone kila kitu, eti jengo "lizungumze" na kampasi. Dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa akisomea uhandisi alikuja kwenye kikao cha michoro, akaitazama, akauliza swali moja: "Pazia la pale ni bei gani?" Msanifu hakuwa na jibu. Mambo hayo yana historia yake. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Harvard kilitenga saa chache kwa wiki kwenye jimu moja ndogo ziwe za wanawake peke yao, baada ya wanafunzi wa kike wa Kiislamu kuomba, na zogo lililozuka magazetini ungedhani wamefunga jimu zote. Dada wa Mombasa hakutaka zogo. Alichotaka ni kuambiwa mapema kama ukuta utakuwa wa kioo kitupu, kwa sababu ukishajengwa hivyo hakuna ratiba ya saa za wanawake itakayosaidia. Na hakuwa peke yake. Wasichana wa Kimarekani waliokuwa wanaona haya kutazamwa wakihema kwenye mashine walimuunga mkono kwa wingi kuliko alivyotarajia. Kioo cha ukungu na mapazia ya kuvuta vikaingia kwenye mchoro wa pili.

Nikiwa kule, rafiki zangu wa Mlimani walikuwa wakinitania kwenye kundi letu la WhatsApp: wewe unagombana juu ya mto wa kuelea, sisi tulibebana. Asiyejua kubebana aulize mtu yeyote aliyesoma chuo cha umma Tanzania: kitanda kimoja, wanafunzi wawili, mmoja ana namba ya chumba na mwingine ana urafiki. Ndiyo maana mabweni ya Magufuli yalipofunguliwa mwaka 2017, majengo 20 kwa shilingi bilioni 10, nafasi za wanafunzi 3,840, hakuna aliyeuliza ukuta wa kupanda uko wapi. Mwaka uliofuata likaja jengo kubwa la maktaba kwa msaada wa China. Burudani yetu sisi, kama tuseme ukweli, ilikuwa kushuka Mlimani City, jengo la biashara lililofunguliwa mwaka 2006 juu ya ardhi ya chuo chetu wenyewe iliyokodishwa, tukatembea kwenye kiyoyozi, tukatazama viatu, tukarudi kupanda kilima na mifuko mitupu.

Lakini utani wao una tundu. Majengo yanayokuja vyuoni kwetu nayo yana mlipaji, tena hayupo kwenye chumba. Mradi wa HEET, ulioanza 2021 kujenga madarasa, maabara na mabweni kwenye vyuo vya umma Tanzania nzima, ni dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na ni mkopo. Utalipwa na walipa kodi, wakiwemo ambao hawajakanyaga chuo na hawatakanyaga. Mwanafunzi wa Marekani walau aliletewa swali, hata kama la upande mmoja. Kwetu mwanafunzi anaona uzio wa mabati, kisha anaona jengo. Serikali ya wanafunzi inaalikwa siku ya jiwe la msingi, inapewa viti vya mstari wa nne.

Je, ningependa vyuo vyetu vianze kura za ada kama hizi? Ada ya lazima, hapana. Mtu anayeishi kwa bumu, anayehesabu chipsi kavu mpaka pesa ya mkopo itoke tena, usimwekee tozo ya jimu kwenye fomu ya usajili, hata ikipita kwa asilimia tisini ya kura. Tunajua tozo ndogo zinavyoingia kwenye ile fomu, moja moja, na hakuna inayotoka. Lakini dodoso lenye bei pembeni, kikao cha michoro kabla zege halijamwagwa, na bajeti ya kuendesha jengo iliyobandikwa ubaoni, hivyo havihitaji dola milioni 70. Kama serikali ya wanafunzi ingeuliza swali moja tu siku ya jiwe la msingi, ningependa liwe: umeme wa jengo hili mwaka wa pili unalipwa kutoka fungu gani? Nina wasiwasi na jibu, ndiyo maana nataka liulizwe mbele ya mgeni rasmi.

Na viwanja vya kawaida tunavidharau. Taa nne za uwanja wa kikapu na mtu wa kuzizima saa nne usiku zinahudumia watu wengi kuliko ukumbi wa vioo. Wasson na wenzake hawakukutana kuzungumzia mabwawa.

Turudi kwenye kura. Ilipita, kwa tofauti isiyo ya kujivunia, na bodi ya chuo ikaidhinisha miezi michache baadaye. Kamati ilikuwa imefanikiwa kuingiza mapazia, dodoso lenye bei, bwawa la zamani kukarabatiwa badala ya kujengwa jipya, na taarifa ya mapato na matumizi ya ada kila mwaka mbele ya wanafunzi. Kilichotushinda ni kifungu cha ukomo. Tulitaka maandishi yaseme kwamba deni likimalizika, ada ipunguzwe kwa kiasi cha marejesho, na chochote kitakachobaki kipigiwe kura upya na wanafunzi watakaokuwepo.

Afisa wa fedha, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa akija kwenye kila kikao na faili lake na chupa yake ya chai, alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jengo la miaka 30 linadai paa jipya, mitambo mipya ya hewa, mabomba mapya, na kwamba ukifuta ada siku deni linapoisha utakuwa umeifuta siku ile ile jengo linapoihitaji zaidi. Hoja yake ilikuwa na uzito, na wajumbe wengi wakahamia upande wake. Mimi nilibaki, na bado nipo, kwenye kura mpya. Kama paa linahitaji pesa, watakaokaa chini yake waambiwe kiasi na waulizwe, huenda wakakubali. Nikaomba maoni yangu yaingie kwenye muhtasari wa kikao. Yaliingia, ukurasa wa mwisho, chini ya Mengineyo.